Mliowahi kuzidiwa uwanjani, au kushuhudia mtu anaanguka mazoezini: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za Jumapili.

Mimi nina miaka 48, namba sita wa timu ya maveterani hapa Dar. Kitambi kipo, ila pasi bado zinafika. Kila Jumapili asubuhi tunacheza, aliyefungwa ananunua supu.

Siku moja mwaka jana nilitoka kwenye send-off saa nane usiku, bia kadhaa na nyama choma kichwani, nikalala masaa matatu. Saa kumi na mbili na nusu niko uwanjani, bila kupasha nikaingia. Dakika kama ya ishirini nikakimbiza mpira uliokuwa unatoka (hata haukuwa na faida, ni ubishi tu), nikasimama. Si maumivu ya kuchoma kama nilivyokuwa nadhani. Ni uzito, kama mtu kaniwekea mfuko wa saruji kifuani, halafu taya la kushoto linauma kama jino bovu. Jasho likanitoka la baridi.

Refa wetu, ambaye siku za kazi ni seremala, akaniletea soda: "Cheua mkuu, gesi hiyo." Nikacheua mara mbili, nikajiona nimepona. Kipindi cha pili nikarudi ndani!

Jioni ngazi tatu za nyumbani zikanishinda. Zahanati ya kwanza nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Usiku mama watoto akakataa, akaita bajaji, tukaenda hospitali kubwa. Wakanibandika nyaya kifuani kupima umeme wa moyo, wakatoa damu, presha 178 kwa 110. Sikuwahi kupima presha maisha yangu. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba karibu wote. Wakapitisha mrija kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye moyo, wakaweka stenti, kibomba kidogo cha wavu kinachouacha mshipa wazi. Nilikuwa macho, nawasikia wanabishana kuhusu Simba na Yanga.

Daktari aliniambia sisi tuliovuka 35 tukianguka michezoni, mara nyingi ni mishipa ya moyo iliyoziba taratibu kwa miaka. Vijana mara nyingi ni la kuzaliwa nalo: misuli ya moyo minene kupita kiasi, au hitilafu ya umeme wake.

Haya, na ninyi mtuambie.

Kiungo Mkabaji: Pole mkuu. Mimi nilikuwepo ndondo moja Morogoro, kijana wa miaka 22 hivi akaanguka peke yake, hakuna aliyemgusa. Akawa anatoa sauti kama ya kukoroma, kwa vipindi. Watu wakasema "anapumua huyo, mpeni hewa". Wengine wakasema kifafa, kikaletwa kijiko. Akamwagiwa ndoo ya maji. Miaka mitatu baadaye ndiyo nikajifunza kwamba ule mkoromo haukuwa kupumua, ni moyo umeshasimama. Tulimpepea na jezi mpaka gari likaja. Hakufika. Mpaka leo nikisikia mtu anakoroma usingizini naamka.

Bishoo wa Temeke: Wazee wetu walilima kutwa na jembe la mkono, mbona hawakuanguka? Mnajitia hofu.

Kiungo Mkabaji: Walilima kila siku, wewe unakimbia Jumapili tu. Na waliofia shambani tulisema wamerogwa.

Dada wa Joging: Mie ni muuguzi na nakimbia na kikundi chetu kila Jumamosi. Mtu akianguka, haitiki, hapumui kawaida: mmoja apige simu, mwingine aweke viganja viwili katikati ya kifua abonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita tano mpaka sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache. Ukichoka mpokezane, maana dakika mbili tu mikono inatetemeka. Kijiko weka mbali. Na yeyote aliyewahi kuzimia AKIWA ANAKIMBIA, au ndugu yake alikufa ghafla akiwa kijana, asianze mazoezi mazito kabla ya kupimwa moyo. Mimi mwenyewe nilipuuza kizunguzungu miezi miwili, nikasema ni damu kupungua. Ilikuwa mapigo yanaruka. Sasa nipo kwenye dawa na kasi nimepunguza.

Mbeba Boksi: Niko Uingereza. Tunacheza saba kwa saba baada ya kazi, na ukutani pale kuna mashine ya kushtua moyo, ukiifungua inakuelekeza yenyewe kwa sauti. Jamaa mmoja alianguka, wakambonyeza na kumshtua, na wiki iliyofuata alituma picha yuko kitandani anakula jeli. Mnamkumbuka Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa? Machi 2012, akiwa na Bolton uwanjani kwa Tottenham, moyo ulisimama kwa muda wa dakika 78. Yuko hai. Christian Eriksen wa Denmark naye alianguka 2021 pale Copenhagen, akarudi na kifaa ndani ya kifua. Marc-Vivien Foé wa Kamerun, 2003, hakuwa na bahati hiyo. Na sisi tulimpoteza Ismail Khalfan wa vijana wa Mbao FC pale uwanja wa Kaitaba, Bukoba, Desemba 2016, ametoka tu kufunga goli.

Kipa Namba Moja: Mleta uzi, umerudi uwanjani au umestaafu?

Mleta uzi: Nimerudi baada ya miezi minne, kwa ruhusa ya daktari. Nacheza nusu saa, napasha dakika kumi na tano, mkesha wa mechi hakuna bia. Tumechanga tukanunua mashine ya presha, inakaa kwenye begi moja na jezi. Jumapili ya kwanza kipa wetu alisoma 186 kwa 112. Tukamwambia atoke. Amenuna, wiki ya pili sasa hapokei simu, tunampelekea supu nyumbani.