Tupeane uzoefu: kuchanganya nyimbo kwenye vicheza muziki vya mfukoni

Mchangakarata:
Wakuu, uzi huu ni wa wanaobonyeza kile kitufe cha mishale miwili iliyopishana, kisha wanalalamika kwamba kifaa kina nyimbo zake kinazozipenda. Leteni mnachokijua: kifaa kinafanya nini, kinapimwaje, kinarekebishwaje. "Changu kibovu" peke yake haitusaidii.

Naanza. Kuchanganya kuko kwa namna mbili, na vifaa vingi haviandiki popote vinatumia ipi. Namna ya kwanza ni ya kuchanga karata: orodha nzima inavurugwa mara moja, halafu inachezwa mpaka mwisho, na hakuna wimbo unaorudi kabla wote hawajapita. Namna ya pili, kila wimbo unapoisha kifaa kinaokota namba yoyote upya, bila kukumbuka kilichokwisha kuchezwa. Ukiwa na nyimbo 100 kwa namna hii ya pili, ukifika wimbo wa 13 uwezekano wa kuwa mmoja umesharudiwa umevuka nusu. Ukisikiliza mpaka wa 100, nyimbo kama 37 hazitakuwa zimegusa sikio lako hata mara moja. Malalamiko ya upendeleo mengi yanazaliwa hapo.

Kipimo: tengeneza folda yenye nyimbo fupi 10 tu, ziite 01 hadi 10. Washa kuchanganya, zima kurudiarudia, andika namba kwa mfuatano zinavyotoka. Usiruke wimbo kwa kidole, kwa sababu baadhi ya vifaa huchagua upya ukiruka. Kisha zima kabisa, washa, rudia.

Namba ikijirudia kabla 10 hazijaisha, unacho kifaa cha kuokota. Zikitoka 10 zote bila kurudi, ni cha kuchanga. Cha kuokota kina uwezekano usiofika 4 kati ya 10,000 wa kukudanganya hapo. Na mfuatano ukiwa uleule baada ya kuzima na kuwasha, hilo ni gonjwa jingine.

Waya Mwekundu:
Hilo gonjwa jingine nalijua. Chipu ya kawaida ya vifaa hivi haibahatishi kwa kweli. Inaanza na namba moja, inaipigia hesabu, inapata ya pili, inaendelea hivyo hivyo. Vifaa vya bei ya chini vingi havina saa ya ndani wala kitu kingine kinachobadilika, kwa hiyo kila vikiwashwa vinaanzia namba ileile. Hesabu ileile, mfuatano uleule. Mtu anasema kila asubuhi wimbo wa kwanza ni uleule, anachekwa bure, kumbe yuko sahihi.

Dawa: mchanganyo ufanyie kwenye kompyuta, kwenye kifaa zima kuchanganya.
Tengeneza nakala ya folda, usiguse faili za asili. Kila nakala iwekee namba ya nasibu mbele ya jina, yenye tarakimu nne: 0007, 0412. Ukiandika 7 na 412 bila sufuri, vifaa vingi vitaiweka 412 mbele ya 7, kwa sababu vinapanga herufi kwa herufi. Kisha futa memori kadi kwa kuifomati upya na unakili faili kwa mpangilio huo wa namba, zote kwenye folda moja.

Kwa nini kufomati? Baadhi ya vifaa havisomi majina kabisa, vinafuata mpangilio wa faili zilivyoandikwa kwenye kadi. Ukifuta chache na kuongeza chache, mpya zinaingia kwenye nafasi zilizoachwa na mpangilio wako unaharibika kimyakimya.

Sikio la Tatu:
Naongezea upande wa pili, maana kuna wanaolaumu kifaa kisicho na kasoro. Chukua wasanii 10, kila mmoja nyimbo 10, changa kwa haki kabisa. Kwa wastani utapata mara 9 ambapo msanii anajifuata mwenyewe. Hiyo ndiyo nasibu, hakuna hila. Sisi tunataka mtawanyo, si nasibu, na watengenezaji walishalijua hilo: iTunes ya mwaka 2005 iliwekewa kidhibiti cha kupunguza msanii au albamu kufuatana, na Spotify mwaka 2014 walieleza kwamba walibadilisha hesabu yao ili nyimbo za msanii mmoja zitawanyike. Kifaa chako kama hakina huduma hiyo, mtawanyo ufanye mwenyewe unapogawa namba za Waya Mwekundu.

Bonyeza Mbele:
Mnasahau sauti. Wimbo wa zamani uliorekodiwa kwa upole ukifuatwa na wa kisasa uliobanwa sauti ili uvume kwa nguvu muda wote, masikio yanaumia. Programu ya mp3gain inasawazisha kwa hatua za desibeli 1.5 bila kubana faili upya, hivyo ubora haupungui. Angalizo moja: kwa kuchanganya, chagua kusawazisha kwa wimbo. Kusawazisha kwa albamu kunalinda tofauti za ndani ya albamu, jambo zuri ukisikiliza albamu moja kwa mfululizo, lakini kwenye mchanganyo zile tofauti ndizo zinazokurukisha. Wenye Rockbox (programu mbadala ya kuendeshea vicheza muziki) wana chaguo linalojibadilisha lenyewe pale kuchanganya kunapowashwa.

Halafu muziki ulioungana, kama matamasha na simfonia: aidha unganisha vipande viwe faili moja, au vitoe kwenye folda hiyo. Wimbo unaokatika katikati ya makofi ni kero.

Mchangakarata:
Nilitaka kuuliza na betri, kwa wenye vicheza vya zamani vya diski ngumu.

Waya Mwekundu:
Kuchanganya kwenyewe hakuli sana. Orodha ikishachangwa, kifaa kinajua kinachofuata, kinapakia nyimbo kadhaa kwenye memori na kuipumzisha diski. Kinachokula ni kidole. Ukiruka mpaka ukapita zilizopakiwa, diski inaamshwa tena, na kuzunguka kwake ndiko kunakonyonya umeme.

Mwisho, ukinakili kutoka Mac, futa faili zinazoanza na nukta na mstari wa chini (._). Zimefichwa kwenye kompyuta, lakini baadhi ya vicheza vinazihesabu kama nyimbo, vikizifikia vinaganda au vinaruka.