Vali za EL84 na ECC83: ninunue mpya ama nitafute za zamani? Niko Kisumu

jakisumu_santuri:
Wadau habari za jioni. Marehemu babu aliniachia amplifaya ya vali (zile chupa za kioo za kukuza sauti, wengine wanaita tyubu) ya Kiingereza, zile za miaka ya 60, imekaa stoo miaka mingi imefunikwa gunia. Fundi akabadilisha kapasita kubwa zote na sasa inaimba. Mimi nimekuwa mtu wa spika za bluetuthi maisha yangu yote, lakini siku niliweka santuri ya benga nikasikia gitaa la pili likijibu la kwanza, weh, nilikaa chini. Ni kama mpigaji ako hapo kando ya kabati. Siku hizi nazima taa nabaki tu na ule mwanga mwekundu wa kwa vioo, mama watoto anasema nimeleta jiko la pili kwa nyumba.

Sasa shida. Upande wa kushoto unakwaruza, krr krr, hasa ikishapata moto kama nusu saa hivi. Ndani kuna EL84 nne (za kusukuma spika), ECC83 tatu (za kukuza sauti ikiwa bado ndogo) na GZ34 moja (ya kunyoosha stima). Fundi anasema zimezeeka ninunue zote nane. Huku mjini nikiulizia tyubu wananitolea za baiskeli. Mtandaoni naona vali za Mullard, chapa ya zamani ya Kiingereza, bei zinakaribia ya mbuzi na za JJ, chapa ya siku hizi, ni bei ya kuku. Hiyo tofauti inasikika kweli ama ni maneno? Na kuna jamaa Kibuye ana ECC82 mbili alitoa kwa redio mbovu, naweza chomeka mahali pa ECC83?

mzee_wa_blackburn:
Kijana usiharibu mali ya babu na vali za juzi. Tafuta Mullard za kiwanda cha Blackburn kule Uingereza, ile kodi ndogo (herufi na namba za kiwanda) imechapwa chini kwa kioo utaona inaanza na B. Sauti ya katikati, pale mwimbaji anakaa, hakuna kitu kinaifikia. Ila chunga sana, rangi ya jina inafutika na watu wanachapa upya, nimewahi kuuziwa "Mullard" ambayo hata kodi haina. Angalia kodi na umbo la ndani, jina wachana nalo.

fundi_vali_nakuru:
Ngoja kwanza, hakuna kununua kitu. Mzee hapo juu namheshimu na zile Mullard kweli ni nzuri, lakini huyu ana kelele upande mmoja na hajui inatoka wapi, akinunua nane atakuwa amelipa pesa ya mbuzi na krr krr bado iko.

Omera fanya hivi. Zima, chomoa stima, wacha ipoe kabisa. Hamisha EL84 mbili za kushoto uziweke kulia na za kulia zije kushoto. Washa, ngoja hiyo nusu saa yako. Kelele ikihamia kulia, mmoja wa hizo mbili ndiye mwizi. Ikibaki kushoto, badilishana zile ECC83 za kila upande (mara nyingi moja kati ya hizo tatu inatumikia pande zote mbili, hiyo iache). Ukishamaliza hizo na kelele haijahama, basi vali hazina makosa, tafuta soketi chafu ama rezista iliyochoka, zile za zamani zikipata moto zinapiga kelele vilevile. Halafu gonga ECC83 pole pole na penseli, ikilia tong kwa spika kama kengele hiyo imelegea ndani. Na usiwashe kamwe bila spika kuunganishwa, utachoma transfoma ya kutoa sauti, na hiyo hakuna duka Nakuru wala Kisumu litakuuzia.

Utajuaje imekufa? Ile rangi ya fedha kwa kioo ikigeuka nyeupe, hewa imeingia, tupa. Bati la ndani likiwaka jekundu, zima haraka. Mwanga wa buluu kwa kioo usikutishe, huo ni kawaida.

ECC82 hapana. Miguu inaingiana sawa lakini ECC83 inakuza mara 100 na ECC82 haifiki hata 20, sauti itaanguka. Na ukiona 6N2P ya Kirusi mtu akikwambia "ni ile ile", kataa, waya za moto (zile za kupasha vali) ziko miguu tofauti. 6P14P ndiyo inaweza kukaa mahali pa EL84. Ukifika kununua, chukua JJ za Slovakia zilizopimwa zikalingana wawili wawili, inatosha. Kama za kwako zinajibayasi zenyewe (zinajipangia mkondo wa umeme zenyewe), kama nyingi za umri huo, hakuna kitu cha kurekebisha.

nyar_kakamega:
Hakuna mtu ameuliza stima! Angalieni nyuma, amplifaya nyingi za Kiingereza za wakati huo ziko na kiteuzi cha volti. Ya kwangu niliipata imewekwa 220 na sisi tuko 240, maana yake waya ya moto ya volti 6.3 ilikuwa inakula karibu 6.9 kila siku, na mimi nashangaa kwa nini vali zinaisha. Hapo sijahesabu usiku stima ikipanda. Hela ya Mullard nunua stabilaiza ya maana. Na radi za huku kwetu mnazijua, wingu likianza kunguruma mimi nachomoa plagi, hata kama ni katikati ya santuri.

mzee_wa_blackburn:
@nyar_kakamega hapo sina la kubishana. Lakini Mullard bado ni Mullard.

jakisumu_santuri:
Nimerudi. Nimehamisha EL84, krr krr ikabaki kushoto. Nikahamisha ECC83, bado kushoto! Nikalala na hasira. Asubuhi, ilikuwa imechomolewa usiku kucha, nikaingiza kijiti cha meno na spreyi ya kusafisha swichi kwa soketi za kushoto kutoka juu, kilitoka cheusi kama masizi. Nikaacha ikauke hadi jioni. Imepiga masaa matatu bila kelele. ECC83 moja ndio inalia tong nikiigonga, hiyo nitaagiza JJ moja tu. Na kiteuzi kilikuwa 225, nimesogeza hadi 245, fyuzi haijaguswa. Kuna shida?

fundi_vali_nakuru:
Hakuna shida, afadhali juu kidogo kuliko chini. Lakini yule fundi aliyesema ununue zote nane, ukirudi kwake, enda na wewe usimame hapo uangalie. Na soketi zikianza tena zibadilishwe, kijiti ni dawa ya muda.

nyar_kakamega:
Sasa hiyo benga tuletee hapa tusikie 😂