Hii hadithi ya Nimrodi na Krismasi mtaacha lini kuisambaza?

Wanajamvi, nimekasirika na sitaficha. Kila Desemba hapa Nairobi unazuka ujumbe uleule: eti tarehe 25 ni siku ya kuzaliwa kwa Nimrodi wa Babeli, na anayekula Krismasi anaabudu mashetani. Mwaka huu umesomwa madhabahuni, kwenye kanisa analosali mamangu huku Kayole. Sasa mama amekataa kwenda ushago, na nyanya anamngoja. Watu wa damu moja wanatenganishwa na uongo!

Nimrodi yuko Mwanzo 10: mwindaji hodari, mwenye ufalme. Basi. Siku yake ya kuzaliwa haimo kwenye Biblia wala kwenye maandishi ya Babeli. Aliyeieneza sana hadithi hii ya Krismasi na Babeli ni Alexander Hislop, mchungaji wa Skotlandi wa miaka ya 1850, aliyeunganisha miungu ya mataifa mbalimbali kwa kuwa majina yao yanakaribiana.

Mnataka kujadili upagani? Nendeni Roma. Kaisari Aurelian alimjengea mungu jua hekalu mwaka 274, na kalenda ya mwaka 354 inaandika Desemba 25 kuwa siku ya kuzaliwa kwa "Asiyeshindwa". Lakini mkusanyo wa maandishi wenye kalenda hiyo ndio pia unaoweka kuzaliwa kwa Kristo tarehe hiyo! Nani alimwiga nani? Wasomi wanabishana mpaka leo. Wapo wanaosema Wakristo walihesabu tu miezi tisa kutoka Machi 25, siku waliyoamini mimba ilitungwa. Huo ni ubishi wa haki, kwa sababu kila upande una maandishi mkononi.

Na Yeremia 10, mnayoitumia kupinga mti wa Krismasi, muiache. Nabii anakemea sanamu ya kuchongwa, isiyosema wala kutembea. Mti wa Krismasi ni desturi ya Wajerumani ya karne ya 16, zaidi ya miaka 2,000 baada yake.

Asiyetaka kusherehekea asisherehekee. Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, walipiga Krismasi marufuku Uingereza mwaka 1647, na hoja yao ilikuwa wazi: Maandiko hayakuiagiza. Ningemheshimu mhubiri anayesema hivyo. Huyu anayewatisha akina mama wazee kwa Nimrodi simheshimu hata kidogo.

Mwenye andiko la Babeli linalotaja Desemba 25 aliweke hapa, tulisome sote. Video msiniletee.