Niliaga kanisa zima, safari ikafa. Narudije?

BesiWaZoni9

Bwana asifiwe wapendwa. Niko Nyarugusu, kambi ya wakimbizi huku Kasulu, Tanzania. Niliingia kambi hii 1997, nina miaka sita, tumetoka Fizi, Kongo, na kuvuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi. Leo nina watoto watatu, wote wamezaliwa humu humu. Kesi yetu ya kwenda Marekani ilifunguliwa 2015. Tumehojiwa mara tatu. Tumepimwa afya, vipimo vikaisha muda, tukapimwa upya. Aliyepitia prosesi anajua, mtoto akizaliwa katikati faili linasimama kumngoja naye aingizwe. Wetu wa mwisho alitupotezea karibu mwaka na nusu, na bado tulimchinjia kuku siku ya kubarikiwa.

Mwezi wa kwanza mwaka 2025 tukapata tarehe ya safari: 4 Februari. Nikafanya kama afanyavyo kila msafiri hapa. Niliuza baiskeli, mbuzi wawili, godoro, hata ile sufuria kubwa ya ugali. Jumapili tarehe 19 nikasimama mbele ya kanisa na mama watoto, tukatoa sadaka ya shukrani, nikashuhudia kwamba Mungu amejibu. Kwaya yangu ikatuimbia wimbo wa kuagana. Naimba besi mle tangu 2008, kwa hiyo siku hiyo besi ilipwaya, kila mtu aliisikia. Wamama walilia. Kesho yake rais mpya wa Marekani akasaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Wiki haijaisha, tukaambiwa safari zimefutwa.

Toka siku ile sijakanyaga kanisani. Sijaacha kuamini, nisieleweke vibaya. Usiku nasali Baba Yetu na watoto, ila nikifika "mapenzi yako yatimizwe" napita mbio kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kinachonishinda ni kurudi kukaa lile benchi letu kanisani. Na kuna mama wa maombi alituwekea mikono Desemba, akasema "mwezi wa tatu hautawakuta hapa". Umetukuta, tena tumelala kwenye mkeka.

Nishaurini. Ila naomba mtu asiniandikie "wakati wa Mungu ndio wakati sahihi".

MshindiKwaDamu

Amina mtumishi! Usikate tamaa, wakati wa Mungu ndio wakati sahihi. Habakuki 2:3, ijapokawia ingojee!!

BesiWaZoni9

Haya. Asante.

MamaWaLouisville

Kaka, hiyo "Haya" yako imenichekesha nikiwa kwenye basi la kazini, watu wamenigeukia.

Mimi nilikuwa hapo hapo Nyarugusu. Tarehe yangu ilikuwa Februari 2017, na unakumbuka Januari ile kulitokea nini. Ilikuwa amri kama hii hii. Nilikuwa nimegawa vyombo vyote kwa majirani, sikuuza, nilijiona nina imani kubwa. Basi ikabidi nimwombe jirani sufuria yangu mwenyewe nipikie, jioni naiosha namrudishia. Hivyo miezi mitatu. Siku moja akaniambia, "Dada, acha kuirudisha, unanichosha." Kwangu huo ndio ulikuwa ujumbe wa Mungu mwaka ule, sikupata mwingine.

Maombi je? Nilisali Zaburi ya 13, mstari wa kwanza peke yake: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Ule wa tano, wa kuzitumainia fadhili zake, nilikuwa siufikii. Nafunga Biblia, nalala. Ilichukua muda mrefu. Nikaruka kuja Marekani 2018.

Sikwambii nawe utaruka, sijui, na anayekwambia anajua mkimbie. Nakwambia tu kwamba ule mstari wa kwanza nao ni sala, Mungu hakuusubiri wa tano ndipo asikilize. Na huku nako tunangoja, kaka. Nangoja karatasi za mama yangu aliyebaki huko kambini, zoni ya pili.

MzeeWaMakere

Mwanangu, mimi ni mwinjilisti mstaafu, naishi jirani na kambi yenu. Nimezika na kubatiza watu wa humo.

Huyo mama wa maombi soma habari zake Yeremia 28. Hanania, nabii wa uongo, alisimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vyote na mateka wote watarudi kutoka Babeli. Akaivunja na nira shingoni mwa Yeremia ili ionekane vizuri. Nadhani alipigiwa makofi sana. Sura inayofuata Yeremia anawaandikia mateka barua: jengeni nyumba, pandeni bustani, na miaka ni 70. Watu wanachomoa mstari wa 11, ule wa "mawazo ya amani", wanaubandika kwenye kalenda, huo wa 10 wenye miaka 70 wanauruka.

BesiWaZoni9

Mzee shikamoo. Lakini nyumba gani nijenge? Kutoka nje kulima ni mpaka kibali, na wewe unajua. Bustani yangu ni mistari minne ya mchicha nyuma ya choo, namwagilia maji ya kuoshea vyombo.

MzeeWaMakere

Marahaba. Kwa hiyo bustani unayo. Mimi nilidhani umeacha kumwagilia.

Kuhusu benchi. Ulishukuru kwa kile ulichokuwa umeonyeshwa, na tarehe ilikuwa ya kweli. Hukumdanganya mtu. Aibu hiyo unaibeba wewe, wenzako wengi wana kesi zilizofutwa wiki ile ile. Nakushauri jambo dogo: usianze na Jumapili. Kwaya inafanya mazoezi lini? Anzia hapo.

BesiWaZoni9

Alhamisi, saa kumi.

BesiWaZoni9 (baada ya siku tisa)

Wapendwa, narudisha majibu. Alhamisi nilikwenda. Nilisimama nje kwanza, nikajifanya nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala. Mwalimu wa kwaya aliniona dirishani. Hakunisalimia hata, alisema "besi mnashuka mapema, rudieni", akanisogezea daftari la nyimbo. Wale vijana wawili walioachiwa besi walikuwa wameharibu kila kitu. Nikaingia kurekebisha. Hakuna aliyetaja safari.

Jumapili nimekaa benchi la nyuma, sio lile. Lile bado. Wakati wa Baba Yetu nimekisema kile kipande polepole, sikusema nimekimaanisha chote.

Wakati wa kutoka nimeikuta baiskeli yangu imeegemezwa kwenye mwembe. Jamaa aliyeinunua amebadilisha tandiko, ila ule waya niliofungia tairi la nyuma bado upo.