Tupeane uzoefu: mfumo mpya ulipoingia ofisini kwenu, daftari la zamani lilikwenda wapi?

Kaunta_Buku (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo kampuni ya usambazaji wa vyakula na sabuni, Barabara ya Nyerere. Tuko zaidi ya mia sita ukihesabu madereva na wenzetu wa mikoani. Mimi ni mtu wa TEHAMA, ingawa siku hizi nakaa kwenye vikao kuliko kwenye seva. Huu ni mwaka wa tatu tangu tuwashe ERP, mfumo mmoja wa kompyuta wa kuendesha kazi zote za kampuni. Mpango mkakati wake ulikuwa na kurasa 80 na mishale ya kila rangi. Siku ya uzinduzi tulikata keki.

Juzi nimeteremka ghala la Vingunguti kuangalia skana zinazogoma. Mama wa stoo hayupo, ameenda kuswali. Droo yake iko wazi na ndani kuna kaunta buku. Nikafungua. Kila kilichoingia na kila kilichotoka kimo, na namba ya gari, jina la dereva na sahihi, hadi mzigo wa asubuhi ile ile. Miaka mitatu mtu anaandika kazi moja mara mbili, na mimi nilishaiambia bodi kwamba karatasi tumeizika.

Sikukasirika, niliona aibu. Nikairudisha droo kama ilivyokuwa, nikaondoka bila kuuliza.

Sasa nataka kusikia kwenu. Nani alibaki na daftari, na kwa nini? Leteni visa vilivyowakuta wenyewe. Nadharia ninazo za kutosha, zile hatua nane za John Kotter za kuongoza mabadiliko nimezikariri, na sijaona hatua ya kufungua droo.

Mzee_wa_Leja

Vijana, mimi nimestaafu. Nilikuwa mhasibu wa mapato taasisi ya umma hapa mjini. Zamani mteja analipa benki, anatuletea hati, keshia anaandika risiti, sisi tunaandika leja, mwisho wa mwezi tunakesha na usuluhishi wa benki. Kuna hati zilikuwa zinaleta risiti mara mbili. Niishie hapo.

Ikaja GePG, mfumo wa serikali wa kukusanya malipo, na kontroo namba, wengi tulianza kuingizwa 2017. Upinzani ulikuwepo, tena mkubwa, ila ulivaa nguo za heshima: "wateja wetu wa vijijini hawataweza", "mtandao wetu ni mdogo". Aliyekuwa anapaza sauti zaidi kuhusu watu wa vijijini hakuwa na mteja hata mmoja wa kijijini. Mambo yalitulia haraka, maana hela isiyo na namba haikuwa na pa kuingilia, na mteja mwenyewe anamaliza kwa simu yuko Mbagala. Leja yetu hakuna aliyeipiga marufuku. Ilikosa cha kuandikwa tu.

Hata TANePS, mfumo wa zamani wa manunuzi ya umma, ilipofungwa 2023 watu wakahamishiwa NeST, tulisikia manung'uniko, lakini walihama. Wa zamani ulikuwa umefungwa, utakwenda wapi? Nyie wa kampuni binafsi nawaonaga mnaacha milango yote miwili wazi, mnaita kipindi cha mpito, halafu watu wanahamia humo humo mpitoni na magodoro yao.

Januari_Mosi

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kufunga mlango ngoja nikupinge kidogo, kuna siku ukifunga mapema unafungia watu nje.

Nilikuwa timu ya kuhamisha data, benki moja sitaitaja. Tukafungua taarifa za wateja, tukakuta karibu robo wamezaliwa tarehe moja Januari. Mfumo wa zamani ulikuwa haukubali kuendelea bila tarehe ya kuzaliwa, mzee wa watu anakumbuka mwaka tu, foleni imefika mlangoni, karani anagonga 01/01 maisha yanaendelea. Miaka ishirini hivyo, na haikumsumbua mtu.

Mfumo mpya ukaja na akili zake: jina likifanana na tarehe ikifanana, huyo ni mtu mmoja, unganisha. Jaribio la pili, Jumamosi saa nane usiku, tunaangalia kioo tunamwona Juma Hamisi mmoja mwenye akaunti kumi na moja kuanzia Temeke hadi Tandahimba.

Wakubwa walitaka tuendelee, tarehe ilishatangazwa redioni. Kilichotuokoa ni mkuu wetu wa TEHAMA kuingia kikaoni na habari ya benki ya TSB ya Uingereza. Wale Aprili 2018 walihamisha wateja kama milioni 5 kwa wikiendi moja. Hadi watu milioni 1.9 wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, na wapo walioona akaunti za wengine. Desemba 2022 benki ikapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Kikao bado kinaguna. Akaongeza kwamba 2023 aliyekuwa mkuu wa TEHAMA wa benki ile alitozwa faini yake mwenyewe, pauni 81,620, kutoka mfukoni mwake. Hapo kila mtu akaanza kuangalia karatasi zake. Tuliahirisha miezi mitano.

Na daftari lilikuwepo! Karani wa tawi moja alikuwa ameandika wateja wake wanaofanana majina: "Juma Hamisi mwenye kovu", "Juma Hamisi wa mkaa", "Juma Hamisi mkwe wa mwalimu". Tawi lile ndilo lilisafishwa mapema kuliko yote. Leo na sheria hii ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, lile la kovu lingemtoa jasho.

Sekretari_Mahsusi

Kwetu daftari ni mimi. Bosi hajawahi kuingia kwenye mfumo tangu uwashwe. Paswedi yake ninayo, malipo naidhinisha mimi, yeye ananitumia "sawa" WhatsApp. Ukisoma kumbukumbu za mfumo, mkurugenzi wetu anaidhinisha vocha saa 12 asubuhi akiwa ndani ya ndege ya Dubai. Kwenye mafunzo ya wakurugenzi alinituma nikamwakilishe, nikala sambusa za wakurugenzi. Mchango wangu ndio huo.

Zamu_ya_Usiku

@Sekretari_Mahsusi nimecheka hadi nimeamsha wodi.

Mimi ni nesi, hospitali binafsi. Mfumo wetu wa wagonjwa ulihamishiwa kwenye wingu, seva ziko nje ya nchi. Tuliambiwa seva za ndani ni gharama, umeme, mafundi. Sibishi, kiyoyozi cha chumba cha seva kilikuwa kizuri kuliko cha wodini.

Halafu ikaja ile Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika. Nchi nzima intaneti ikawa ya kuvizia. Jumatatu asubuhi mapokezi pamejaa, faili la mgonjwa halifunguki, famasia haioni dawa iliyoandikwa, keshia hajui amtoze nani nini. Tulikuwa na laini mbili za intaneti kwa ajili ya dharura, kampuni mbili tofauti, bili mbili kila mwezi. Zote zikasuasua pamoja. Kumbe huku juu ni kampuni mbili, kule chini ya bahari wanapita njia zile zile. Huyo aliyetuandikia mpango wa majanga hakuuliza hilo swali.

Aliyetutoa ni mzee wa masjala. Alishachekwa sana kwa kung'ang'ania rejista yake ya wagonjwa wa nje na kadi ngumu zile za zamani. Alifungua kabati, akagawa kadi, akasema "andikeni". Siku ile tulifanya kazi kama tulivyofundishwa chuoni.

Ila sikia mwisho wake. Mtandao uliporudi hakuna aliyepewa kazi ya kuingiza zile kadi kwenye mfumo. Ziko kwenye boksi mbili chini ya ngazi. Ukiuliza mfumo wetu, siku zile Dar es Salaam nzima walikuwa wazima wa afya.

Mtunza_Stoo

Mleta mada, nimesita kuandika, lakini umemtaja mwenzangu wa droo.

Nilikuwa ghala la Kurasini, kampuni nyingine. Mzigo ukienda mkoani, huku nabonyeza kutoa, kule wanabonyeza kupokea. Katikati unasomeka uko njiani. Leseni za kuingia kwenye mfumo zilinunuliwa 40, watu tulikuwa 70, wakasema tutumie kwa zamu, ndiyo kubana matumizi. Basi mpokeaji wa Mwanza akawa anapokea kwa jina langu. Paswedi alipewa kwa simu, na mkubwa wangu, mimi nimesimama pale pale.

Siku moja niliwatumia katoni 200 za mafuta ya kula. Yule kijana akapokea 20, nadhani sifuri moja haikuingia. Katoni 180 zikabaki njiani. Hazikulalamika, zilikaa njiani miezi saba. Mwisho wa mwaka wakaja kuhesabu mali: 180 hazipo, aliyetoa ni mimi, aliyepokea ni mimi. Hati za kupelekea mzigo zilishaondolewa, tuliambiwa mfumo ndiyo hati.

Nilikatwa mshahara miezi minne. Wakati ule mwanangu yuko kidato cha nne. Niliitwa mbele ya kamati nikaulizwa kwa nini mfumo umsingizie mtu. Mmoja wao akasema kompyuta haina ubaya na mtu. Nikamjibu ni kweli haina, lakini haikuwa na macho ya kuona ni nani amekaa kwenye kiti changu Mwanza. Hawakuandika kwenye muhtasari.

Zilipatikana vipi? Dereva. Yule baba alikuwa na kidaftari chake kwenye dashibodi, kila mzigo anamwambia mpokeaji amwekee sahihi, na hakuwa ameambiwa na mtu. Ukurasa upo, 200, sahihi ya kijana na muhuri. Pesa yangu nilirudishiwa baada ya kuzungushwa sana, barua ya kunisafisha mpaka leo sijaiona.

Kwa hiyo mimi naandika. Nimehama kampuni, mfumo wa huku mzuri tu, kila mtu ana paswedi yake. Naandika vile vile.

Mzee_wa_Leja

Pole sana binti yangu. Miaka yetu leja ilikuwa na sahihi mbili kwa sababu hiyo hiyo.

Kaunta_Buku (mleta mada)

Nimesoma yote. Dada wa stoo, pole, na umeninyima usingizi. Asubuhi nikaanza na leseni. Ghala zetu tatu zinatumia majina mawili kwa zamu. Mimi ndiye niliyesaini ule mpango.

Jumanne nikarudi Vingunguti. Nikamwamkia mama, nikamweleza niliona kaunta buku. Akacheka: "Nilijua, uliirudisha kichwa chini." Nilitegemea kisa kama cha Kurasini. Yeye shida yake ni katoni zilizopasuka na sabuni zilizolowa. Kwenye mfumo wetu mzigo ni mzima au haupo. Za kulowa anaziandika kwa wino mwekundu, kwa sababu zinarudishwa kiwandani na tunafidiwa. Miaka mitatu fidia yote hiyo inadaiwa kutoka kwenye ule wino mwekundu, na watu wa idara ya fedha hawajui, wanapokea tu jedwali la Excel analowatumia kijana wa mauzo.

Nimepiga picha ukurasa, nikawatumia washauri waliotufungia mfumo. Wamejibu ni kazi ya wiki mbili, inahitaji ombi rasmi la mabadiliko na malipo ya ziada. Fedha wanasema tusubiri bajeti ya Julai.

Mama ameniuliza kama kampuni inaweza kumnunulia jingine, hilo limebakiza kurasa sita. Nimelipata Kariakoo, la kwaya nne, na kalamu nyekundu mbili.