Mwenye fuso anatupa milioni 2 na nusu nisaini nisidai tena, naombeni ushauri

MamaK_Ipagala
Habarini za humu. Mume wangu alifariki mwezi wa nne, aligongwa na fuso pale Ihumwa akiwa kwenye pikipiki, fuso lilikuwa linaovateki likamfuata upande wake. Alikuwa mtunza stoo duka la vifaa vya ujenzi na siku hiyo bosi alimtuma saiti Chamwino. Kesi ya dereva bado iko mahakamani. Sasa mwenye gari katuma watu kwa shemeji na milioni 2 na nusu pamoja na karatasi imechapwa kabisa, imeandikwa familia imepokea kifuta machozi na haitadai chochote popote, chini wameacha nafasi ya dole gumba langu na la mama mkwe. Shemeji anasema tusaini kabla hajabadili mawazo. Nina watoto watatu, kodi imeisha, rambirambi zote ziliishia kwenye matanga na watu wa kausha damu wanagonga geti asubuhi asubuhi wanadai mkopo wa marehemu. Kuna kiwanja chetu Nala dalali anakitaka. Nisaini, niuze kiwanja, au nifanyeje jamani

Mtani wa Manyoni
Pole sana dada, Mungu akutie nguvu. Mimi nasema chukua hiyo hela, mahakama zetu unazijua, njoo kesho njoo kesho mpaka nauli inakuishia. Watoto wanakula leo.

Kibaigwa Sokoni
@Mtani hapana kaka, usimshauri hivyo mjane. Dada USISAINI. Fuso lile lazima lina bima, hata kama ni bima ndogo, na bima ndogo kazi yake ndio hiyo, kulipa watu wa nje waliogongwa. Chukua namba ya gari uiingize kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, mtandaoni utaona ni kampuni gani na bima ilikuwa hai siku ile ya ajali. Halafu fuatilia trafiki upate ripoti ya ajali na ramani, na dereva akitiwa hatiani omba nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri, hiyo inakubeba sana kwenye madai. Madai ya uzembe yana miaka 3 kwahiyo hakuna cha "kabla hajabadili mawazo", anayekuharakisha ni yule anayejua ukitulia utadai zaidi. Na hiyo fidia sheria inawataja mke, watoto na wazazi wa marehemu, shemeji hayumo. Mama mkwe yumo, kaa naye muelewane mapema.

Bi Hombolo
Pole mdogo wangu. Hapo kwenye kutumwa na bosi mbona mmepita haraka? Hiyo ni ajali kazini!! Nenda WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mjane na watoto wanalipwa pensheni ya kila mwezi, siyo hela ya mara moja. Taarifa alitakiwa apeleke mwajiri, kama hajapeleka nenda mwenyewe, usipitishe miezi 12. Bosi akikwambia hakuwa anachangia hilo ni kosa lake siyo lako. Tafuta na salary slip za marehemu uone kama alikatwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, maana kuna mafao ya warithi.

Kiwanja usiuze, tena huwezi kukiuza kihalali bila msimamizi wa mirathi. Chukua cheti cha kifo RITA, ofisi ya vizazi na vifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo, upeleke mahakama ya mwanzo. Pendekezeni jina lako, na wakimweka shemeji ajue msimamizi siyo mrithi. Hao kausha damu kama hukusaini udhamini waambie deni lisubiri mirathi, wasichukue hata sufuria, wakileta fujo mwite mwenyekiti wa mtaa.

MamaK_Ipagala
Asanteni sana, sikuwahi kuisikia hiyo WCF. Udhamini sikusaini. Ila hapa katikati tunakula nini jamani, na shemeji nitamwambiaje maana yeye ndo alilipia jeneza

Bi Hombolo
Muite shemeji pamoja na mama mkwe, mwambie shemeji wazi gharama za mazishi aandike, zidaiwe humo humo kwenye fidia, hatapoteza. Ya kula, kama uko kikoba omba mfuko wa jamii wa humo kikundini, na mwenye nyumba mwombe ulipe mwezi mwezi badala ya miezi sita, ukimuonyesha cheti cha kifo wengi wanaelewa. Shule za serikali ada hakuna mpaka form six, michango ongea na mwalimu mkuu.

Kibaigwa Sokoni
Na wakili usilipe mtu wa kijiweni, nenda ustawi wa jamii pale halmashauri wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria, ni bure. Ile karatasi piga picha mbele na nyuma uitunze, kama watu wa fuso wataanza kumsumbua mama mkwe peke yake huko kijijini utakuwa na cha kuonyesha polisi. Usiku mpigie mama mkwe umwambie asiweke dole popote mpaka mkutane.