Namaliza chuo mwaka huu: nibaki kwenye mita 1500 au nihamie 5000?

Binti_Chumbageni:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Niko mwaka wa mwisho chuo hapa Tanga, nakimbia mita 800 na 1500. Mwaka wa kwanza nilishusha 1500 kutoka 5:06 hadi 4:48 kwa miezi mitano tu. Tangu hapo nimeganda: 4:50, 4:49, 4:48 tena. 800 yangu ni 2:14.

Nikishasali alfajiri natoka Chumbageni hadi Raskazone na kurudi, maana jua likipanda, joto na ule unyevu wa bahari vinakaba pumzi. Jioni tuko uwanja wa chuo, wa nyasi, mistari tunachora wenyewe kwa chokaa. Mwalimu wa michezo anasema sina spidi, nihamie 5000. Mimi 1500 naipenda mno. Kengele ya raundi ya mwisho ikilia, mwili wote unaitika. Haya ndiyo mashindano yangu ya mwisho ya vyuo. Nihame?

Mzee wa Barabara ya 14:
Marahaba mwanangu. Usihame bado. Kila mita 400 unapita kwa muda gani?

Binti_Chumbageni:
Mwenzangu alinishikia saa: 70, 76, 82, halafu 300 ya mwisho sekunde 60.

Mzee wa Barabara ya 14:
Tatizo ni hiyo 82. Mwenye 2:14 kwenye 800 spidi anayo. Wewe unaianza 1500 kama unakimbia 800. Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi, pale Christchurch, New Zealand, 1974 aliongoza tangu mwanzo, akaweka rekodi ya dunia, 3:32.2, na rekodi yake ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ikadumu hadi 2022. Vijana wa wakati wetu wote tulitaka kukimbia vile, tukaungua kama unavyoungua wewe. Lakini John Walker wa New Zealand alikuwa nyuma yake, akavuta mwishoni, akamaliza 3:32.5, naye chini ya rekodi ya zamani. Njia ni zaidi ya moja.

Anza kwa 75, ya pili 75, ya tatu 76. Ukimaliza 300 kwa 56 umepata 4:42. Mazoezini kimbia mita 600 mara nne, kila moja 1:53, ukipumzika dakika tatu katikati. Ya kwanza utaiona nyepesi, utatamani kuongeza. Usiongeze.

Kaka_Pongwe:
Naongezea kidogo. Dada, 5000 usiione kama kushushwa. Mtanzania mwingine, Suleiman Nyambui, akiwa chuo El Paso, Marekani, alitwaa ubingwa wa vyuo vya kule mita 10,000 mara nne, 1979 hadi 1982, na medali yake ya fedha ya Moscow 1980 ni ya 5000. Ila hama kwa kupenda, wala si kwa kukata tamaa. Na ukimaliza chuo ulizia timu za majeshi, huko mkimbiaji anapata ajira na muda wa mazoezi.

Binti_Chumbageni:
Asanteni sana. Jana jioni nimezifanya zile 600: 1:51, 1:53, 1:53, 1:55. Ya kwanza nilikosea, miguu ilinivuta, na ya nne nikailipia. Kesho kutwa narudia. Zimebaki wiki sita.